Uwanja Usio na Wenyewe Hupata Mwenyewe

Karibu kila mtaa wa Eastlands una mahali pa wazi ambapo watu husema tu "pale kwa fildi". Pengine ni uwanja mkubwa wa kandanda, pengine ni kipande kidogo kilichobaki katikati ya nyumba. Asubuhi wamama hupita hapo wakienda sokoni. Mchana watoto wakitoka shule hucheza mpira wa makaratasi. Jioni vijana hukaa hapo kwa base yao wakipiga gumzo.

Mahali kama hapo pasipotunzwa, moja kati ya mambo mawili hutokea. La kwanza, mtu mmoja hutupa taka kidogo usiku, wa pili akiona hivyo naye hutupa, na baada ya miezi sita ni jaa. La pili, asubuhi moja mnaamka na kukuta pamezungushwa mabati mapya, na askari wa kulinda anawaambia "hii ploti iko na mwenyewe". Mara nyingi la kwanza huleta la pili. Anayetaka kunyakua huangalia kwanza mahali palipotupwa, kwa sababu anajua hakuna atakayelia sana jaa likizungushiwa ua.

Ndiyo maana tunasema uwanja usio na wenyewe hupata mwenyewe. Katika makala hii tutaeleza jinsi wakaaji wa Eastlands walivyofanya ili nafasi za umma ziwe na wenyewe, yaani watu wote wa mtaa, na mambo ambayo kikundi chenu kinaweza kuanza nayo. Nanyi mlio mashambani msigeuze ukurasa. Uwanja wa soko, kiwanja cha shule, chemchemi ya kijiji na mahali pa baraza ya chifu vina shida hiyo hiyo na dawa hiyo hiyo.

NAFASI HIZI ZILITOKA WAPI?

Nafasi za wazi za Eastlands ziliwekwa kwa mpango. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa kufuata mawazo ya "mji wa bustani" yaliyotoka Uingereza. Nyumba zilipangwa kuzunguka uwanja wa kijani, na mtaa ukapewa ukumbi wa mikutano. Mitaa mingine ya halmashauri nayo ilipangwa nyumba zikiachiana nafasi.

Dandora ilikuja baadaye. Kuanzia mwaka wa 1975, Halmashauri ya Jiji ikisaidiwa na Benki ya Dunia iligawa ploti karibu 6,000. Mwenye ploti alipewa choo na mahali pa kuogea, halafu vyumba akajijengea mwenyewe polepole. Ploti zilipangwa kuzunguka ua wa pamoja, ule ambao wenyeji huuita "koti". Koti ilikusudiwa kuwa mahali pa watoto kucheza na pa majirani kukutana.

Basi nafasi zilikuwepo, lakini mtunzaji hakuwekwa. Halmashauri ilipolemewa, nyasi hazikukatwa, taa hazikuwaka na gari la taka halikuja. Watu waliongezeka, vyumba vikaongezwa hadi nje ya ua, vibanda vikasimamishwa, na kila mtu akawa anasema "hiyo ni kazi ya kanjo". Tangu mwaka wa 2013 halmashauri haipo tena, na kazi yake imechukuliwa na Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inataja wazi kwamba bustani na mahali pa burudani ni kazi ya kaunti. Tuijue haki hiyo na tuidai. Hata hivyo, tukingoja kaunti peke yake, watoto watakuwa wazee kabla ya uwanja kufagiwa.

KWA NINI USAFI WA SIKU MOJA HAUTOSHI

Sisi Wakenya tunapenda harambee. Mkituita Jumamosi tuje na jembe, slasha na reki, tutakuja. Tutafyeka, tutachoma takataka (jambo ambalo si zuri), tutapiga picha, tutakunywa soda, kisha twende nyumbani. Baada ya mwezi mmoja manyasi yamerudi, na taka pia.

Kuna mifano mikubwa ya jambo hili. Waziri wa mazingira John Michuki aliposimamia usafishaji wa Mto Nairobi kuanzia mwaka wa 2008, kipande cha ukingo karibu na mzunguko wa Globe kilikuwa bustani nzuri. Waziri huyo alifariki mwaka wa 2012. Bustani ikakosa wa kuitunza, ikaharibika, na ilibidi itengenezwe upya mwaka wa 2020, na leo inaitwa kwa jina lake. Kazi ilikuwa njema, lakini ilimtegemea mtu mmoja.

Mfano wa pili ni mpango wa Kazi Mtaani. Ulianza mwaka wa 2020 wakati wa Korona, vijana wakalipwa na serikali kusafisha mitaro na njia za mitaa. Mahali pengi palipendeza kweli. Mpango ulipokwisha, pale ambapo hapakuwa na kikundi cha kupokea kazi, mitaro iliziba tena.

Serikali au mfadhili anaweza kuwapa nguvu ya kuanza, nasi hatukatai. Lakini kinachoweka uwanja miaka kumi ni utaratibu mdogo usiokatika: nani anafagia Jumanne, nani anaweka pesa, nani ana barua kutoka ofisini.

DANDORA NA KOROGOCHO WALIFANYA NINI

Katika Dandora Phase 2, kwenye miaka ya 2010, vijana wachache walianza na koti moja tu. Hawakusema "tutabadilisha Dandora yote". Walizoa taka za koti hiyo, wakapanda nyasi na maua, wakapaka rangi, wakaweka mahali pa watoto kucheza. Koti hiyo wakaiita Mustard Seed, yaani punje ya haradali, ile mbegu ndogo sana ambayo hukua ikawa mti. Wakaaji walipoona mabadiliko kwa macho yao, wakakubali kutoa mchango mdogo wa kila mwezi. Mchango huo ukawapa vijana kazi ya kutunza mahali hapo na kulinda usiku.

Kisha wakafanya jambo la busara. Kupitia kikundi kilichojulikana kama Dandora Transformation League, walianzisha mashindano ya makoti na barabara za mtaa yaliyoitwa Changing Faces. Kila kikundi kilichagua mahali pake pachafu, kikapabadilisha, na washindi wakapewa zawadi. Mtu hapendi jirani amshinde, basi koti moja ikaiga nyingine. Baadaye mashindano hayo yalifika mitaa mingine ya Nairobi. Mashirika makubwa, UN-Habitat likiwa mojawapo, yalikuja kusaidia yakiwa yamekuta watu tayari wako kazini. Hapa pana somo: mfadhili huvutwa na kazi inayoonekana kuliko barua ya kuomba.

Ng'ambo ya Dandora, Mto Nairobi ukiwa katikati, iko Korogocho. Huko kikundi cha vijana kinachoitwa Komb Green Solutions kiliingia ukingoni mwa mto, mahali palipokuwa jaa na maficho ya wezi, kuanzia mwaka wa 2017 hivi. Baadhi yao wenyewe walikuwa wametoka katika maisha ya uhalifu. Walitoa taka kwa mikono na wilbaro, wakapanda miti na nyasi, wakaweka bembea. Mahali hapo pakaitwa People's Park, bustani ya watu. Mtoto wa Korogocho ambaye hakuwa na pa kucheza ila katikati ya njia alipata mahali.

Ukingo wa mto unafaa sana kwa bustani kuliko kwa nyumba. Mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 katika Kenya, na katika Nairobi waliokaa kando ya mito ndio waliopata shida kubwa. Nyasi zikifunikwa na maji huota tena, lakini chumba kikibebwa na maji hubeba na watu. Kwa hiyo mkitunza ukingo, msijenge hapo ofisi ya mawe wala choo cha shimo. Wekeni vitu ambavyo mto ukivipitia hamtalia.

KAZI YA KWANZA: TEMBEENI UWANJA

Kabla ya kushika jembe, shikeni kalamu. Chagueni watu sita au wanane: wamama, wazee, vijana, mtu mwenye kibanda hapo, na watoto wawili wa shule. Tembeeni uwanja mara tatu: asubuhi, saa kumi jioni, na saa mbili usiku. Mtashangaa. Uwanja wa asubuhi si uwanja wa usiku.

Chora ramani kwenye karatasi kubwa, hata ile ya kalenda ya zamani. Wekeni alama:

- maji yanatoka wapi, na yanatuama wapi;
- watu hupita njia gani;
- taka hutupwa wapi, na zinatoka nyumba za upande gani;
- ni mahali gani mwanamke huogopa kupita, na kwa nini;
- nani anafanya biashara hapo;
- mabomba ya maji taka yanapita wapi.

Msiwafukuze wanaotumia uwanja. Mama wa mboga aliye pembeni ni mlinzi wenu wa bure kutoka asubuhi hadi usiku. Wale vijana wa base ndio wanaojua nani hutupa taka saa nane za usiku. Mkiwapuuza watawapiga vita, lakini mkiwaita mkutanoni watakuwa mkono wenu wa kulia.

MAJI KWANZA, MAUA BAADAYE

Vikundi vingi huanza na maua kwa sababu yanapendeza haraka. Mvua ya kwanza ikija, maua yanakuwa ndani ya dimbwi. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Udongo huo haunywi maji haraka. Kwa hiyo fuateni mpango huu:

1. Zibueni mtaro. Mtaro uwe na mteremko hadi pale unapotokea. Msipeleke maji kwa nyumba ya jirani, maana mtakuwa mmehamisha shida tu.

2. Tengenezeni njia. Pale watu wanapopita kila siku, inueni udongo kidogo na kumwaga murram au kokoto. Msijaribu kubadilisha njia ya watu kwa ua la maua, kwa sababu wataliruka.

3. Ondoeni taka, kisha mweke utaratibu wa taka. Mkizoa bila kuuliza "taka za kesho zitaenda wapi?", zitarudi pale pale. Patana na kikundi cha vijana wanaobeba taka nyumba kwa nyumba. Maganda na mabaki ya mboga yatengwe yaingie shimo la mbolea. Sheria ya taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zitenganishwe kuanzia nyumbani, na mbolea hiyo ndiyo mtakayopandia miti.

4. Pandeni miti mvua ikianza, mwezi wa Machi mwishoni au Oktoba mwishoni. Chimbeni shimo la futi mbili kwa futi mbili. Udongo wa juu wekeni kando, mchanganye na mbolea, ndio urudi shimoni. Katika udongo mweusi, pandeni mche ukiwa umeinuka kidogo ili maji yasiusimamie. Mikaratusi na mikuyu isiwe karibu na mabomba, kwani mizizi yake hutafuta maji hadi ndani ya bomba. Mkinduri, mwarobaini na jakaranda ni miti inayojulikana na yenye kivuli.

5. Hesabuni miti iliyo hai, wala si miti iliyopandwa. Ni afadhali miti kumi iliyo na wenyewe kuliko mia moja ya picha. Kila mti upewe mtoto au nyumba ya kuumwagilia wakati wa kiangazi. Galoni la zamani lenye tundu dogo, likiwekwa karibu na shina, humwaga maji polepole, nayo hayapotei.

Neno kuhusu matairi ya zamani, yale yanayopakwa rangi na kuwa viti au kitalu cha maua: yanapendeza, lakini hushika maji na kuzaa mbu. Yatobolewe chini, au yajazwe udongo kabisa.

Na neno kuhusu usalama. Ua la kaiyaba au bogenvila likipita kiuno cha mtu mzima, huwa maficho. Punguzeni ua, kateni matawi ya chini ya miti, ili aliye njiani aone ndani na aliye ndani aone njia. Taa ya mulika mwizi ni nzuri mkiipata, lakini macho ya watu ni taa pia. Uwanja wenye watu wengi saa moja jioni hauogopeshi kama ule mtupu.

KUGAWANA KAZI

"Sote tutatunza" maana yake hakuna atakayetunza. Gaweni uwanja vipande, na kila kipande kipewe safu ya nyumba au ploti fulani. Andikeni orodha, mwibandike dukani ambapo kila mtu huipita akinunua unga. Mfano wa utaratibu:

- kila wiki: kufagia, kuokota, kuzibua mtaro (kwa zamu);
- kila mwezi, Jumamosi ya kwanza: watu wote kwa saa mbili, si siku nzima;
- kila miezi mitatu: kukata nyasi, kurekebisha bembea na viti, kupunguza ua;
- kila mwaka kabla ya mvua ndefu: mkutano wa wote, hesabu kusomwa, viongozi kuchaguliwa.

Saa mbili ni neno muhimu. Mtu anayefanya kazi Industrial Area hadi Jumamosi adhuhuri, au mama anayeuza samaki, hawezi kuwapa siku nzima. Asiyeweza kuja aweze kutoa kitu kingine, kama chai, magunia, au kuazima wilbaro. Na bembea ikivunjika, itengenezwe wiki hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

PESA

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme nafasi yenu imezungukwa na nyumba 40, na mmekubaliana sh. 100 kwa mwezi kila nyumba. Kwa karatasi ni sh. 4,000. Lakini wengine watakuwa hawana, wengine watahama, wengine ni wagumu tu. Pangeni kama kwamba nyumba 30 zitatoa, yaani sh. 3,000. Mnaweza kuzigawa hivi:

- kijana wa kufagia mara mbili kwa wiki, sh. 200 kila mara: sh. 1,600
- kubeba taka: sh. 800
- vifaa na matengenezo: sh. 300
- akiba: sh. 300

Jumla ni sh. 3,000. Si pesa nyingi, lakini haba na haba hujaza kibaba. Akiba hiyo kwa mwaka ni sh. 3,600, inayotosha kununua slasha na reki bila kumlilia mheshimiwa.

Pesa zikiingia kwa simu ya mtu mmoja, siku akihama zinahama naye. Fungueni akaunti ya kikundi inayohitaji sahihi za watu zaidi ya mmoja. Hesabu ya mwezi ibandikwe pale pale dukani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vingi vya Eastlands vimekufa kwa kunong'onezana, kuliko vilivyokufa kwa kukosa pesa. Mtu akianza kusema "ati mweka hazina amejenga", na hakuna karatasi ya kumjibu, hata kama mweka hazina ni mtakatifu, mchango wa mwezi ujao hauji.

KARATASI

Hapa ndipo vikundi vingi hulegea. Mnaweza kufagia miaka mitano, kisha mtu akaja na hati. Jambo hili limekuwa baya sana katika Kenya. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka wa 2003 na kutoa ripoti mwaka wa 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, hata ya shule na bustani, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria.

Bustani mbili za katikati ya jiji zilibaki kwa sababu watu walisimama mapema. Mwaka wa 1989, Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa sana, lakini jengo halikujengwa. Mwaka wa 1991 ilikuwa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani aliyoutolea umma A. M. Jeevanjee mwaka wa 1906. Kulikuwa na mpango wa kuijenga maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wake, aliongoza watu kuipinga, na bustani ipo hadi leo.

Mkichelewa, gharama huwa kubwa. Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Langata Road walikuta uwanja wao umezungushwa ukuta. Walipousukuma pamoja na wanaharakati, polisi waliwarushia vitoa machozi. Uwanja ulirudishwa, lakini baada ya watoto wadogo kulia barabarani mbele ya ulimwengu mzima. Hatutaki watoto wetu wafike hapo. Basi fanyeni haya mapema, wakati hakuna vita:

1. Sajilini kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka wa 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Nendeni na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano.

2. Jueni uwanja umeandikwaje. Ombeni ramani ya mtaa katika ofisi ya mipango ya kaunti. Ramani za upimaji ziko Survey of Kenya, Ruaraka. Uchunguzi wa hati za Nairobi hupitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka wa 2021. Kijana yeyote wa cyber atawasaidia.

3. Mkinyimwa habari, andikeni. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaipa ofisi siku 21 kuwajibu. Pelekeni nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, na mrudi nayo. Neno la mdomo la karani halina muhuri.

4. Ombeni kaunti barua ya kuwaruhusu kutunza. Nakala iende kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi. Barua hiyo haiwafanyi ninyi kuwa wenye ardhi, bali ni ushahidi kwamba uwanja ni wa umma na una watunzaji.

5. Wekeni faili. Picha zenye tarehe, barua zote, kumbukumbu za kila kazi. Faili iwe na nakala kwa nyumba mbili tofauti.

Mabati yakiletwa, msikimbilie mawe. Katiba, Kifungu cha 40, inasema mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara. Mnaweza pia kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, kwani Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki hiyo. Siku hiyo ndipo mtajua thamani ya ile faili.

MLINZI ASIGEUKE MNYAKUZI

Tuseme pia jambo ambalo vikundi havipendi kuambiwa. Uwanja ukishapendeza, una thamani. Hapo kikundi chenyewe huanza kushawishika. Kwanza wanaweka geti kwa ajili ya usalama, na hilo lina maana. Kisha geti linafungwa mchana. Kisha mtoto wa mtaa wa pili anaambiwa "wewe si wa hapa". Kisha pembe moja inakodishwa kwa magari, halafu ya pili, na mwisho watoto wanabaki na njia ya kupitia. Kunyakua si kwa mabati tu. Kunaweza kuja na kufuli na risiti.

Andikeni basi katika katiba ya kikundi, kabla pesa hazijawa nyingi: saa za geti kuwa wazi, kwamba mtoto halipi, kwamba asiyeweza kutoa mchango hafukuzwi, kwamba sehemu ya kukodisha, kama ya kuosha magari, haitapita kipimo fulani, na kwamba kiongozi hakai zaidi ya miaka mliyokubaliana. Uwanja ukiwa wa harusi, mkutano wa dini au mashindano ya mpira, kila mmoja alipe sawa, awe Mkristo au Mwislamu, wa chama hiki au kile. Kikundi kinachojulikana kuwa cha mwanasiasa mmoja huanguka naye kura zikihesabiwa.

Uwanja ni wa mtaa wote, na kikundi ni watumishi wake tu. Mkilishika neno hilo, siku mwenye mabati akija hatakuta watu kumi wa kamati. Atakuta mtaa mzima umetoka, na mama wa mboga mbele.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja nafasi moja ya umma katika mtaa au kijiji chenu. Miaka kumi iliyopita ilikuwaje? Sasa ikoje? Ni nini kilichobadilika?

2. Ni nani wanaoitumia kila siku? Ni nani kati yao ambaye hajawahi kuitwa kwenye mkutano wenu?

3. Kazi gani ndogo mnaweza kufanya kila wiki kwa mwaka mzima bila kungoja mfadhili?

4. Leo mtu akidai mahali hapo ni pake, mna karatasi gani ya kumwonyesha? Nani ataanza kuitafuta, na atarudi lini na jibu?

5. Kuna mtu yeyote ambaye sisi wenyewe tunamzuia kutumia mahali hapo? Tufanye nini?

Msijibu yote siku moja. Chukueni swali moja kila mkutano, mwandike mliyokubaliana, na jina la atakayeyafanya. Kisha mkutano unaofuata uanze kwa kumwuliza.